Baina ya Mkeka na Maji

Kila Jumapili, na zaidi katika sikukuu za Idi na siku za mwisho wa mwaka, watu wa Mombasa humiminika katika pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, ambayo kwa mazoea huitwa Pirates, wakiwa na mikeka yao, chupa za chai, viazi karai na watoto wa kila rika, wakakaa makundi makundi mchangani, na kabla jua halijapanda sana bahari imekwisha kujaa vichwa na vicheko. Atakayeutazama mkusanyiko huo kwa makini ataona jambo lililozoeleka hata halisemwi: katika kila kundi wamo wawili watatu, aghalabu wanawake lakini wanaume nao hawakosi, ambao kazi yao tangu asubuhi hadi magharibi ni kulinda nguo na viatu vya wenzao. Hawaumwi, wala bahari hawaichukii. Ni watu wenye miili mikubwa, nao wameipokea kazi hiyo ya ulinzi ili pasiwe na mtu wa kuwauliza kwa nini hawaingii majini.

Mimi niliilinda mikeka kwa muda wa miaka 11. Nilizaliwa kando ya bahari, na utotoni nilikuwa nikipiga mbizi na kaka zangu hata macho yakawa mekundu kwa chumvi. Lakini baada ya uzazi wa pili mwili wangu ulijaa, na siku moja, nilipokuwa nikiteremka kwenda kuoga, kijana mmoja nisiyemjua alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba leo maji yatafurika. Nilijifanya nimesahau kitu, nikarudi kuketi. Tangu siku hiyo, kila wanangu walipoita, “Mama, njoo!” niliwapungia mkono na kuwaambia nitakuja, nao wakakua wakilijua neno hilo kuwa halina siku yake. Toka mkeka wangu ulipokuwa, chini ya miti, hata ukingo wa maji yakiwa yamejaa, palikuwa na hatua 30. Nilizihesabu kwa macho mara nyingi sana. Bahari yenyewe sikuiogopa hata kidogo. Niliogopa ule mchanga.

Wenye hofu hiyo si haba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani, yaani 43 katika kila 100, walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na miongoni mwao milioni 890 walikuwa wamefikia unene mkubwa. Hao wote huambiwa kila siku wautikise mwili, na waganga hawakosi kuutaja uogeleaji kuwa zoezi lisiloumiza viungo. Ila ni nadra kwa anayetoa shauri hilo kukumbuka kwamba kabla ya kuogelea mtu hana budi kwanza kuvua, na kabla ya kufika majini hana budi kupita mbele za watu.

Lugha yetu hutusaidia sana katika mlango huu, kwa kuwa imetenga maneno ambayo mioyo yetu huyachanganya. Ipo haya, ambayo sisi wa pwani hufundishwa tangu utotoni kuwa ni sehemu ya imani. Haya humchagulia mtu vazi, mahali na wakati, kisha humwacha aendelee na shughuli zake. Ipo aibu, ambayo humpata mtu kwa tendo alilolitenda: mwizi ana aibu, mwongo ana aibu, na aliyemdhulumu yatima ana aibu kubwa zaidi. Kisha ipo tahayuri, hali ya mtu kujiona mdogo mbele ya macho ya watu ijapokuwa hakutenda kosa lolote. Mwenye kiuno kipana hajamwibia mtu wala hajamsingizia. Hana deni la aibu analodaiwa na yeyote pale mchangani. Lakini tahayuri huvaa joho la haya, ikajiita adabu, nasi tukaitii miaka na miaka tukidhani kuwa tunatii wema.

Mtu ataniambia kwamba macho hayana pazia, na kwamba watu watatazama tu. Ni kweli, watatazama. Ila watatazama kwa uchache kuliko tunavyodhani. Katika mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi ambao mimi huukumbuka kila nifikapo pwani. Walimvika mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi ambalo kijana wa chuo angeona haya kuonekana nalo, wakamwingiza katika chumba walimokaa wanafunzi wenziwe, kisha wakamwuliza ni wangapi waliotambua picha ile. Waliovikwa fulana hiyo walikadiria kuwa karibu nusu ya waliokuwamo waliitambua. Walipoulizwa wenyewe, waliotambua walikuwa kiasi cha robo tu. Pwani ya Jumapili ni chumba kama kile, kikubwa mara elfu: mama anahesabu vichwa vya wanawe katika mawimbi, vijana wanapigana picha, mwenye kukodisha mipira ya magari anamtafuta aliyepitisha saa yake, na muuza madafu anaangalia asiye na dafu mkononi. Jicho likikuangukia, hukaa kitambo kidogo, kisha hurudi kwenye haja zake.

Hapo ndipo yafaa kuyaeleza maji yenyewe, kwa maana huku nchi kavu tumefundishwa kuiona shahamu kuwa ni mzigo na hasara, hali bahari huihesabu kwa hesabu nyingine. Lita moja ya mafuta ya mwilini ina uzito wa takriban gramu 900. Lita ya maji baridi ina gramu 1,000. Na lita ya maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi iliyomo, hukaribia gramu 1,025. Misuli na mifupa huzidi maji kwa uzito, mafuta huyapungukia. Ndiyo maana kijana mwembamba mwenye kifua cha chuma huhangaika kwa mikono na miguu asizame, na mtu mnene, akijua kutulia, hulala chali juu ya maji kama aliyetandikiwa. Tena mwenye kilo 100 akisimama katika maji ya kiunoni, miguu yake huchukua kilo 50 hivi; yakimfika kifuani huchukua kama theluthi ya uzito wake; yakimfika shingoni hubakiwa na kilo 10 tu au karibu yake. Magoti yaliyolalamika ngazini mwaka mzima hunyamaza.

Kisa kimoja cha bahari za kaskazini chafaa kusimuliwa hapa. Usiku wa tarehe 11 Machi 1984, karibu na kisiwa cha Heimaey katika nchi ya Iceland, mashua ya uvuvi iitwayo Hellisey ilipinduka ikiwa na mabaharia 5. Mmoja wao, Guðlaugur Friðþórsson, kijana wa miaka 22 mwenye kilo zaidi ya 100, aliogelea kwa muda wa saa 5 au 6 katika maji ya nyuzi 5 au 6 hivi za baridi, ambayo kwa desturi humwua mtu upesi sana, akafika nchi kavu, kisha akatembea kwa miguu mitupu juu ya mawe makali ya volkano hata akabisha mlango wa nyumba ya kwanza. Wenziwe wote 4 walikufa. Madaktari walipomchunguza waliona kwamba shahamu iliyo chini ya ngozi yake ilikuwa nene mara 2 au 3 kuliko ya watu wengine, wakaifananisha na ya sili, mnyama wa bahari za barafu. Hata leo watu wa Iceland huogelea kilomita 6 katika mabwawa yao kila mwaka kwa kumbukumbu ya safari ile. Mwili ambao angalipita nao mchangani pengine ungalichekwa, ndio uliomrudisha kwao.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba unene ni ujuzi. Katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na bahari haimwulizi mtu uzito wake kabla ya kumchukua. Asiyejua kuogelea na afunzwe na anayejua, katika maji yasiyopita kifua. Na mwenye maradhi ya moyo, ya pumzi au ya sukari aonane kwanza na daktari wake.

Aliyenitoa mkekani ni somo yangu, mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka 12, naye pia ana mwili. Hakunihubiria. Alinijia siku moja katika wiki akasema, “Somo, Jumamosi ni bamvua. Tutashuka saa 9 na nusu alasiri.” Mwenye kuzaliwa pwani ataifahamu hekima ya shauri hilo: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, hata wavuvi wakatembea penye mwamba, kisha hujaa kiasi cha saa 10 alasiri, yakapanda mita 3 na zaidi, yakafika karibu na mizizi ya miti. Anayeogopa mchanga na asiuendee mchanga mrefu. Angojee saa ambayo bahari yenyewe humjia.

Jambo la pili alilolipanga ni vazi. Sisi wa pwani tumeoga kwa kanga na madera tangu zamani, lakini pamba ikishiba maji huwa nzito, hujisokota miguuni, na humganda mtu mwilini hata ikaonyesha kile alichotaka kukificha. Katika mwaka 2004 Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia mwenye asili ya Lebanon, alibuni vazi la kuogelea la kitambaa chepesi, lenye suruali, kanzu fupi na kifuniko cha kichwa, akaliita burkini. Huko Nungwi, Unguja, wasichana waliofunzwa kuogelea katika Mradi wa Panje walivaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, na picha walizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Wasichana wale hawakuiacha haya ufukweni. Waliivaa, wakaingia nayo. Somo yangu alimpelekea fundi wa mtaani kitambaa cha namna hiyo, kisichonywa maji, akatushonea suruali na kanzu zilizokata magotini, zisizobana wala zisizopwaya. Kwa mwanamume, kaptura na fulana vyatosha.

Siku ilipofika aliutandika mkeka hatua 10 tu kutoka majini. Nilifungua fundo la kanga yangu nikalifunga tena, nikalifungua, nikalifunga. Alinitazama akacheka kidogo, akasema, “Maji ukiyavulia nguo, somo, huna budi kuyaoga,” kisha akanishika mkono, tukaenda bila haraka, kwa maana alisema anayekimbia huwaita watu wamtazame. Maji yalikuwa vuguvugu. Yalipotufika kifuani alinigeuza chali, akaweka kiganja chake chini ya mgongo wangu, akaniambia nitazame mawingu, niyaache masikio yazame, nivute pumzi na kuitoa polepole. Nikaisikia sauti ile ya ndani ya bahari ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ujana wangu, mfano wa mchele unaopepetwa mbali. Baada ya kitambo nilimwomba asiniachilie. Alinijibu kwamba mkono wake alikuwa ameuondoa zamani.

Nasema haya kwa wale ambao bado wamekaa mkekani, na neno moja nina nalo kwa wanaowapita. Yule kijana wa maji kufurika pengine aliisahau kauli yake kabla hajafika barabarani, nami nilikaa nayo miaka 11. Anayetaka kumsaidia mtu mnene pwani asimcheki, wala asimpigie makofi kwa ushujaa, kwa sababu makofi nayo humsimamisha mtu katikati ya uwanja. Amsogezee mahali, amwulize kama maji ni baridi, amwachie apite. Na kwa mwenye mwili nasema: usiingie majini kwa ajili ya kuuadhibu mwili wako, wala usingoje ukonde kwanza ndipo uingie. Nilingoja hivyo mimi, na katika kungoja huko wanangu walijifunza kuogelea kwa watu wengine.

Jua lilipokuwa linataka kuchwa tulitoka. Nilikuwa nimesahau kwamba maji ya bamvua hupwa kwa kasi ile ile yanayojaa nayo. Ukingo ulikuwa umerudi nyuma sana, mkeka wetu umekuwa mbali, na katikati umetandaa mchanga mweupe wenye watu kila upande wanaokusanya vyombo vyao. Nguo zangu zilikuwa zinatiririka, na binti yangu mdogo alikuwa amening'inia mkononi mwangu akinieleza jinsi alivyoniona nikielea. Tulitembea tukizungumza hata tukafika. Ni hatua ngapi zile siwezi kusema, maana sikuzihesabu.