Usawazishaji wa Kipimo cha Jeni katika Nzi wa Matunda

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, katika seli za nzi dume wa matunda, kromosomu moja hutenda kazi ambayo kwa jike hutendwa na kromosomu mbili. Makala hii inanuia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana na kwa nini dume anayelikosa hufa. Aidha, tutajadili istilahi zinazofaa kulielezea kwa Kiswahili.

Nzi tunayemrejelea ni Drosophila melanogaster, yule mdogo arukaye juu ya ndizi zilizoiva mno. Seli zake zina jozi nne za kromosomu. Jike ana kromosomu X mbili, ilhali dume ana X moja na Y moja. Kromosomu Y ina jeni chache sana, lakini X hubeba takriban moja kwa tano ya jeni zote. Nyingi kati ya hizo hazihusu jinsia kamwe. Huhudumia macho, mabawa na shughuli za kila seli. Protini zitokanazo nazo hushirikiana na protini za kromosomu nyingine kwa uwiano maalumu. Dume angetoa nusu tu ya kipimo, uwiano huo ungevurugika.

Mtaalamu wa kwanza kulibaini suala hili ni Hermann Muller wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alichunguza jeni dhaifu ya rangi ya macho iliyoko kwenye X. Jike mwenye nakala mbili alikuwa na macho yaliyokolea kuliko jike mwenye nakala moja. Ajabu ni kwamba dume, mwenye nakala moja tu, alilingana na jike mwenye mbili. Mnamo 1965, Mukherjee na Beermann walipima RNA katika tezi za mate za viluwiluwi vya nzi, wakaona kuwa X moja ya dume huunda RNA karibu sawa na X mbili za jike. Kumbe dume ndiye anayeongeza bidii, si jike anayepunguza.

Bidii hiyo hutokana na kundi la protini tano, yaani MSL1, MSL2, MSL3, MLE na MOF, pamoja na RNA mbili zisizounda protini, roX1 na roX2. Kundi hili hujibandika kwenye X ya dume katika mamia ya sehemu. Hapo MOF huongeza kemikali ya asetili kwenye histoni H4, mojawapo ya protini ambazo DNA huzungushiwa. Mzingo hulegea, na jeni husomwa kwa wingi zaidi, takriban maradufu. Dume akikosa mojawapo ya protini hizo tano, hufa kabla ya kuwa nzi kamili.

Je, jike hujizuiaje? Kiinitete chenye X mbili huwasha jeni iitwayo Sxl. Protini yake huzuia kuundwa kwa MSL2, na bila MSL2 kundi halikamiliki. Jike akikosa Sxl, X zake mbili huchochewa kupita kiasi, naye huangamia. Upungufu huua, ziada nayo huua.

Viumbe wengine wamefuata njia tofauti. Mary Lyon wa Uingereza alipendekeza mnamo 1961 kwamba katika mamalia wa kike, X moja hunyamazishwa katika kila seli. Mnyoo Caenorhabditis elegans mwenye X mbili naye hupunguza utendaji wa zote mbili kwa takriban nusu.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Neno 'fidia' hudokeza upungufu uliolipwa, hivyo linamfaa nzi dume, lakini halimfai mnyoo anayepunguza. 'Dozi' nalo humpeleka msomaji hospitalini. Kwa maoni yetu, 'usawazishaji wa kipimo cha jeni' linafaa kuwa jina la jumla kwa kuwa hutaja matokeo pasi na kubagua njia. 'Fidia' ibaki kwa nzi. Istilahi isiyotokana na uelewa wa dhana hupotosha, hata ikiwa na sauti tamu. Ni jukumu letu, wanafunzi wa Kiswahili, kuielewa sayansi kwanza ndipo tuipe majina.