Ripoti ya Mradi Iwe na Kurasa Ngapi?

Kila unapokaribia mwisho wa robo mwaka, kamati za sharika hutuuliza: je, ripoti ya mradi iwe na kurasa ngapi? Wafadhili nao huuliza kwa upande wao: mbona usharika huu umetuma kurasa kumi na mbili, na ule umetuma mistari mitano? Swali hili lina uzito, maana kwa aliye mbali ripoti ndiyo macho yake. Kama haisomeki, hata kazi nzuri haionekani, na tatizo linalohitaji msaada wa haraka hubaki bila msaada.

Jibu letu ni hili: urefu wa ripoti hautokani na wingi wa kazi tuliyofanya. Unatokana na msomaji ni nani, na ni uamuzi gani anatakiwa kuufanya akishamaliza kusoma.

Mifano miwili ya zamani

Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akakuta waumini wengi, na hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo mbili. Katekisimo Kubwa ina maelezo marefu, yaliyowafaa zaidi wachungaji na wahubiri. Katekisimo Ndogo ina maswali na majibu mafupi, ili mwenye nyumba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Sehemu zake zilitolewa kwanza kwenye karatasi za kubandika ukutani. Mambo ya msingi ni yale yale: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Ushirika Mtakatifu. Kilichobadilika ni msomaji, na urefu ukamfuata yeye.

Mfano wa pili unatoka serikalini. Agosti 1940, vita ikiwa kali, Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill aliwaandikia mawaziri wenzake waraka mfupi kuhusu ufupi wa ripoti. Aliwataka waeleze hoja kuu kwa aya fupi, na uchambuzi mrefu pamoja na takwimu uwekwe kwenye kiambatisho. Maelezo hayakutupwa, yaliwekwa mahali ambapo anayeyahitaji angeyakuta.

Hatari ziko pande mbili

Tuchukue mfano wa mradi wa kisima. Kamati inaandika kurasa kumi na mbili: historia ya usharika, majina ya wageni waalikwa, hotuba za siku ya uzinduzi. Katika ukurasa wa tisa kuna sentensi moja kwamba pampu haifanyi kazi. Mfadhili mwenye ripoti nyingi mezani anaweza asifike huko. Wakati huo akina mama wamerudi kuchota maji mtoni.

Kamati nyingine inaandika: "Mradi unaendelea vizuri, tunawashukuru." Huu nao si ufupi unaofaa. Msomaji hajui fedha zimetumikaje, wala nini kimebaki. Shukrani ni njema, lakini haichukui nafasi ya hesabu.

Sasa tazama mwanzo huu: "Kisima kimechimbwa hadi mita 60 na maji yamepatikana. Pampu imesimama tangu tarehe 4 Machi kwa sababu ya kipuri kilichovunjika. Tunaomba ruhusa ya kutumia salio la shilingi 850,000 kununua kipuri hicho." Sentensi tatu tu, na msomaji tayari anaweza kuamua.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kuandika, kamati ijibu: nani atasoma, na tunataka aamue nini?

2. Aya ya kwanza iseme kilichofanyika, kilichokwama na kinachoombwa. Habari mbaya isisubiri ukurasa wa mwisho.

3. Kisha zifuate fedha: zilizopokelewa, zilizotumika na salio. Jedwali dogo hueleza haraka kuliko aya ndefu.

4. Stakabadhi, orodha za mahudhurio, mihutasari ya vikao na picha ziwekwe kwenye viambatisho. Mkaguzi atazihitaji, hivyo zisipotee.

5. Ripoti isomwe kwa sauti kikaoni kabla ya kutumwa. Aya ambayo hakuna mjumbe anayeweza kueleza faida yake iondolewe. Wajumbe wakiuliza jambo ambalo halimo, liongezwe.

Kwa mradi mdogo wa usharika, mara nyingi hatua hizi huzaa kurasa mbili au tatu bila viambatisho. Zikizidi kwa sababu ya jambo la lazima, zizidi.

Tahadhari kuhusu kuhesabu maneno

Baadhi ya wafadhili huweka kikomo cha maneno. Tukumbuke kwamba neno moja la Kiswahili hubeba mengi. "Hatujawalipa" ni neno moja, lakini kwa Kiingereza ni maneno matano au sita. Kwa hiyo ripoti iliyojaza kikomo kwa Kiswahili inaweza kukivuka ikitafsiriwa. Ni vema kuacha nafasi.

Neno kwa wafadhili

Kila ukurasa mnaouomba huandikwa na mtu, mara nyingi katibu wa kujitolea mwenye shamba na familia. Ombeni yale mtakayoyatumia, na mkishasoma, jibuni. Kamati inayopata jibu hujifunza kwa haraka ni nini kinachohitajika, na ripoti inayofuata huja na urefu unaofaa.