Kiingereza cha ubongo chawatoa jasho Kisiwani

Ebwana, Waingereza wana mambo na ubongo wao! Wanauosha, wanauchuma, wanauvujisha. Ukitafsiri neno kwa neno utadhani umeingia buchani.

Haya nimeyakuta Kisiwani, barabara ya Same kwenda Mkomazi kupitia Maore. Kwa wasiopajua: huku Milima ya Upare imekusimamia, kule Hifadhi ya Mkomazi, na jua la huko halina utani. Dogo mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa barazani na daftari. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla karibu kila somo Kiingereza, bailojia mpaka jiografia, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili unamngoja. Mwalimu kawapa misemo ya ubongo.

"Shikamoo anko. Hii 'rack your brains' ndiyo chanja ya ubongo?"

Msimcheke. Kamusi yake inasema 'rack' ni chanja ya vyombo, angejuaje? Kumbe zamani Ulaya 'rack' ilikuwa pia mtambo wa mateso: unalazwa kwenye fremu ya mbao, unafungwa mikono na miguu, unavutwa mpaka viungo viachie. Wakachukua hapo msemo wa kufikiri kwa taabu. Nikamwambia, sisi tunasema kuumiza kichwa. Dogo akaruka: "Aa, kumbe naijua!"

'Pick your brains' alikuwa ameshaiandika "kuchuma ubongo wako", kama mchicha vile. Maana yake ni kumdodosa mtu anayejua jambo. 'Brain drain' akaiita mtaro wa ubongo. Kwa kweli ni wasomi kukimbilia nchi za nje. Halafu msidhani ulianza kwetu. Msemo huo ulivuma miaka ya 1960 Waingereza wenyewe walipolia kwamba wanasayansi wao wanahamia Marekani!

Iliyonikuna zaidi ni 'brainwash', kuosha ubongo. Neno limetoka kwa Wachina, na mwandishi wa habari wa Marekani, Edward Hunter, akalieneza kuanzia mwaka 1950. Kiswahili tuna kutia kasumba. Na kasumba ni nini? Afyuni! Wao wanaosha, sisi tunalevya. Mimi naona letu linapiga penyewe zaidi.

Sasa mgeuzie kibao Mzungu. Mpe 'kichwa maji', aliyotumia Kezilahabi kama jina la riwaya yake, Kichwamaji, mwaka 1974. Atatafuta ndoo. Mwambie kuchemsha bongo ni kufikiri sana, lakini "jamaa kachemsha" ni kwamba kaboronga. Chungu kilekile, moto uleule! Na Bongo yenyewe, mji usioishi bila ubongo, atauelezaje kwao?

Dogo alifuta mtaro, akafuta mchicha. Ile chanja aliiacha, akaandika pembeni kwa penseli: kuumiza kichwa. Akafungua ukurasa wa pili. Misemo ya moyo.