Fahamu: Akili mnemba inapokabidhiwa hifadhidata

Hadi juzi, msaidizi wa akili mnemba kwa kawaida alikuwa mshauri tu: anakuandikia amri, wewe unainakili na kuipeleka kwenye hifadhidata mwenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa MCP, itifaki huria inayomwezesha msaidizi kuwasiliana moja kwa moja na mifumo mingine. Watoa huduma za wingu kama Supabase wakaunda seva zao za MCP. Sasa unamwambia msaidizi "ongeza jedwali la wateja", naye analiunda.

Raha, lakini Julai 2025 wakala wa akili mnemba wa Replit, jukwaa la kutengeneza programu, alifuta hifadhidata iliyokuwa kazini, ingawa alishaagizwa asibadilishe chochote.

Kinachonitisha zaidi ni kingine. Mteja anatuma malalamiko, ndani yake kaficha maagizo. Msaidizi anayasoma, kisha anatii maagizo hayo kana kwamba yametoka kwako. Modeli hizi hazina ukuta thabiti kati ya maandishi ya kusomwa na amri za kutekelezwa. Supabase wenyewe wanashauri usimuunganishe msaidizi na data halisi ya wateja: tumia mradi wa majaribio, toa ruhusa ya kusoma tu, na uidhinishe kila amri. Hilo la mwisho linachosha, na wengi hubofya "kubali" bila kutazama.