Je, Wajua? Ubongo Hupimwa Hata kwa Vijiti vya Kiberiti

Je, wajua kwamba picha ya MRI huonyesha kidonda kilipo ubongoni, lakini haisemi kama mgonjwa ataweza kuhesabu chenji yake dukani? Hilo hujibiwa na tathmini ya nyurosaikolojia: maswali, michoro na mafumbo ya kupima kumbukumbu, umakini, lugha na upangaji wa mambo.

Kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo, akiambiwa achore saa, huweza kurundika namba zote 12 upande wa kulia na kuuacha wa kushoto mtupu? Macho yake mazima. Ubongo ndio ulioacha kujali upande huo. Huyo asipewe funguo za gari.

Kwamba mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio? Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota akiitazama kwenye kioo. Kila siku Molaison aliliona zoezi geni kabisa, huku mkono wake ukizidi kuwa hodari. Leo hii, wagonjwa wengi wa kifafa hupimwa kumbukumbu na lugha kabla ya upasuaji.

Kwamba MoCA, kipimo maarufu cha kumbukumbu na kufikiri chenye alama 30, humwongezea alama 1 mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu? Moja tu! Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu haimfikishi popote.

Ndiyo maana kipimo cha IDEA, kilichojaribiwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hakidai kalamu. Mzee hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano, hueleza daraja ni kitu gani, na hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kwenye wanyama, mfugaji huweza hata kumshinda profesa.

Na je, wajua kwamba utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta mtoto 1 kati ya 4 waliougua malaria ya ubongo bado ana upungufu wa kufikiri miaka 2 baadaye? Mzazi, mwalimu: mtoto akianza kuvurunda darasani baada ya homa hiyo, weka fimbo chini, mpeleke hospitali apimwe.