Geti Halikati Barabara

Swali huja mapema, mara nyingi kabla chai ya saa nne haijaletwa. Popote wanapokusanyika watu kujifunza kuchora OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Unguja, hakosekani mmoja wa kunyoosha mkono: "Mtaani kwetu tumeweka geti. Niliandike vipi ili programu isiwapitishe watu pale?" Na kabla mkufunzi hajafungua kinywa, mwingine aliyekaa nyuma ameshamjibu: "Wewe kata barabara tu. Acha upenyo kidogo hapo kwenye geti, basi."

Swali lenyewe limekaa upande. Mchora ramani haandiki ili programu ifanye jambo fulani. Anaandika kilichopo ardhini, kisha programu hujiamulia. Hilo hunyooka kwa dakika tano za maelezo. Jibu la yule wa nyuma ndilo linalostahili kung'olewa na mizizi yake, kwa sababu linaonekana kufanya kazi. Linafanya kazi siku ileile, mbele ya macho ya aliyelijaribu, naye hurudi mtaani kuwafundisha wenzake.

Tazama kinachotokea. Katika OpenStreetMap barabara ni mstari unaounganisha nukta. Barabara mbili zinahesabika kuwa zimeungana pale tu zinapotumia nukta moja, kukaribiana hakutoshi. Programu ya kuelekeza njia haiangalii picha ya ramani kama mtu anavyoiangalia. Inafuata nukta kwa nukta. Anayekata barabara kwa upenyo wa nusu mita haoni tofauti yoyote kwenye skrini, maana mstari wa barabara ni mnene kuliko upenyo huo. Kwa programu, upenyo huo ni bahari. Havuki mwenye gari, havuki bodaboda, havuki mwenda kwa miguu, havuki mwenye nyumba anayerudi kulala kwake.

Sasa chukua mtaa wenye nyumba sitini na geti moja. Kila siku geti hilo hupitisha wakazi, boza la maji, gari la shule, mjumbe aliyebeba mzigo wa mtu na, siku mbaya ikifika, gari la wagonjwa. Barabara ikishakatwa, nyumba zote sitini zinakuwa kisiwa. Baadhi ya programu zitasema hakuna njia. Nyingine zitafanya jambo baya zaidi: zitatafuta barabara iliyo karibu ambayo bado imeungana na mji, na kumpeleka dereva huko. Barabara hiyo huenda ikawa ile inayopita nyuma ya ukuta. Dereva anaambiwa amefika. Mgonjwa yuko hatua ishirini kutoka alipo, na kati yao kuna tofali, zege na seng'enge juu yake.

Kuna madhara ya pili, na haya huwashangaza hata waliochora kwa miaka. Upenyo mdogo kati ya barabara mbili ni kosa la kawaida la mkono kuteleza, kwa hiyo zipo zana zinazokagua ramani kuutafuta, kama Osmose na OSM Inspector. Zana hizo zikiuona zinaweka alama. Mtu wa kujitolea aliyeko bara jingine anaiona alama, anaangalia picha ya setilaiti, anaona barabara inaendelea bila shida, anaunganisha. Wiki inayofuata mkazi anakuta magari yamerudi getini kwake, anakata tena. Huyu wa mbali anaunganisha tena. Kila mmoja anamwona mwenzake mharibifu, ilhali wote wawili wamenyimwa habari moja tu ambayo ingemaliza ugomvi: hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba pale pana geti.

Na ramani hii si ya madereva peke yao. Tandale, mtaa wa Dar es Salaam, ilichorwa mwaka 2011 na watu waliotembea vichochoro vyake kwa miguu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ukawaingiza wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za Dar es Salaam kwenye kazi hiyohiyo, ili mji unaofurika ujue maji yanapita wapi na watu wako wapi. Nairobi, vijana wa Kibera walikuwa wameshaanza tangu 2009. Anayepanga namna ya kuwatoa watu mafurikoni anahitaji kujua ukuta ulipo na, zaidi ya ukuta, tundu lililomo ndani yake. Barabara iliyokatwa inamwambia hakuna tundu. Huo ni uongo, na ni uongo wenye hatari.

Dawa hii ya kukata barabara ina ndugu zake. Yupo anayeliandika geti kuwa nguzo za zege, kwa kuwa amegundua kwamba programu huzikwepa nguzo. Ni kweli huzikwepa: kanuni za gari za programu ya OSRM, kwa mfano, huzuia nguzo na kuruhusu geti lisilo na maelezo mengine. Lakini pale hapana nguzo. Yupo anayeandika kwenye sehemu ya jina "Geti limefungwa usipite", maneno ambayo hakuna programu itakayoyatii. Na yupo anayeweka katazo la jumla, lebo ya access=no, akasahau kwamba neno hilo linawafungia hata watembea kwa miguu, wanaopita pale asubuhi na jioni. Zote ni tabia moja: kulipotosha jina la kitu ili kupata tokeo unalolitaka.

Kosa liko hapa. Kuna mambo mawili tofauti, na watu wanayafunga kwenye furushi moja. La kwanza ni kitu: kilichosimama pale ni nini, chuma, mti, zege au waya? La pili ni ruhusa: nani anapita, kwa chombo gani, saa ngapi? Kila mtu aliyekulia katika miji hii anaijua tofauti hiyo tangu utotoni, ila hajawahi kuipa jina. Geti kubwa la chuma lina kilango kidogo ndani yake. Saa nne usiku mabawa makubwa yanafungwa kwa kufuli, na kilango kinabaki kikipitisha watu hadi mlinzi akalale. Kitu ni kilekile, hakijabadilika hata kidogo. Ruhusa imebadilika kwa magari, haijabadilika kwa miguu. Hakuna mkasi utakaoweza kuchora hali hiyo kwa kukata barabara. Maneno mawili ya ziada kwenye nukta yanaichora yote.

Sehemu ya lawama inaliangukia neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha mjini, geti ni kila kitu. Ni malango ya chuma ya kuingilia kwa mtu. Ni bomba lenye rangi nyekundu na nyeupe ambalo askari huliinua kwa mkono mbele ya ofisi. Ni vibanda vya kulipia vya Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Ni Lodoare unapoingia Ngorongoro, ni Naabi unapoingia Serengeti, ni Marangu kwa anayekwenda kupanda Kilimanjaro. Ramani haiwezi kuridhika na neno moja kwa mambo yote hayo. Kwa lebo za ramani, malango ya chuma ni barrier=gate; bomba la kuinua ni barrier=lift_gate; vibanda vya kulipia ni barrier=toll_booth; na mpakani pale Namanga, ambako msafiri huonyesha pasipoti, ni barrier=border_control. Kizuizi cha polisi kinachowekwa leo na kuondolewa kesho hakichorwi kabisa. Matuta, ambayo hujitokeza kwenye maswali kila mara, si vizuizi hata kidogo: yanapunguza mwendo, hayazuii kupita, nayo yana kundi lake.

Mageti ya hifadhi yanafaa kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndiyo yanayoonyesha kwa nini saa ni muhimu. Barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na basi linapita bila abiria kulipia kuingia hifadhini. Barabara inayotoka Karatu, ikapita Ngorongoro na Serengeti kuelekea mkoa wa Mara, ni habari nyingine: pale pana malipo, na mageti hayafunguliwi usiku. Kwenye picha ya setilaiti barabara zote mbili ni mistari inayopita porini. Dereva anayetoka Arusha jioni na kuifuata programu isiyojua saa za Lodoare atalala getini. Hakuna kilichokosewa kwenye mstari wa barabara; kilichokosekana ni saa.

Orodha yenyewe ya vizuizi ina asili yake, na kuijua kunamwondolea mtu hofu. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, na orodha bado inabeba mashamba ya huko. Imo ngazi ya kurukia uzio, kimo kilango kinachobembea ndani ya kizimba kikampitisha mtu na kumzuia ng'ombe, umo wavu wa vyuma uliotandazwa juu ya shimo ambao mifugo haithubutu kuukanyaga. Mchora ramani wa Kondoa hana haja navyo. Anachohitaji ni uamuzi juu ya vilivyo mbele yake. Michongoma iliyopandwa ikaota ni uzio hai, barrier=hedge. Seng'enge ni uzio wa kawaida, barrier=fence. Miiba iliyokatwa na kupangwa kuzunguka boma la Wamasai huwababaisha wengi. Kwa kuwa haioti, haifai kuitwa uzio hai, bora iingie kama uzio wa kawaida na kitu ilichojengewa kitajwe. Ukuta wa tofali ni barrier=wall. Ukuta unaoshikilia udongo wa mlima usiporomoke una jina lake jingine, usichanganywe na huo.

Milango nayo ina mkanganyiko wake, na hapa Kiswahili kinasaidia badala ya kuponza. Lango si mlango. Lango liko kwenye uzio au ukuta wa eneo. Mlango uko kwenye nyumba. Ramani inafuata mgawanyo huohuo: kwa nyumba hutumika entrance, na nukta yake hukaa juu ya mstari wa ukuta wa jengo. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hata uwe mkubwa namna gani, ni mlango wa nyumba, na asiyejua akiuandika kama geti la kichochoro ameweka kizuizi kwenye kichochoro ambacho watu wamekipita kwa vizazi. Pengo tupu kwenye ukuta, lisilo na bawa wala kufuli, nalo huandikwa barrier=entrance. Neno linafanana na lile la nyumba na limewapoteza wengi, kwa hiyo lisomwe mara mbili kabla ya kubonyeza.

Baada ya hayo, kazi yenyewe ni fupi. Unganisha barabara iliyokatwa. Weka nukta moja pale barabara inapokutana na ukuta, nukta ileile itumiwe na mistari yote miwili. Chagua kitu kilichopo kweli. Andika ruhusa: access=private kama hapapitiki bila idhini, access=destination kama wanapita wenye shughuli humo tu. Watembea kwa miguu wakiruhusiwa, foot=yes, maana neno mahususi hulishinda la jumla. Gari la wagonjwa, emergency=yes. Geti likifungwa kwa magari kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, motor_vehicle:conditional=no @ (22:00-05:00). Kwenye hospitali, shule na ofisi weka mlango mkuu, entrance=main, na mlango wa dharura, entrance=emergency, kisha sema kama kiti cha magurudumu kinapita na ngazi ni ngapi. Mahali ambapo ukuta umejengwa kukatiza barabara na tundu halipo kabisa, hapo, na hapo pekee, mstari wa barabara uishie ukutani.

Hofu kwamba kuchora geti ni kuwaita wezi isiwapotezee watu muda. Geti linalotazama barabara ya umma linaonekana na kila apitaye. Kisichopaswa kuandikwa ni jina la mwenye nyumba na mambo ya ndani ya uzio wake, na sheria za ramani hazimtaki mtu ayaandike.

Hakuna lolote kati ya haya linaloweza kufanywa kikamilifu kutoka mezani. Picha za droni zilizopigwa Unguja na Pemba tangu 2016 zinaonyesha paa, ukuta na hata kivuli cha ukuta, lakini droni haioni kufuli wala haijui mlinzi anafunga saa ngapi. Programu ya simu ya StreetComplete huuliza baadhi ya maswali ya namna hii papo hapo ukiwa umesimama mbele ya kitu, na asiyeitaka anaweza kuandika kwenye daftari. Asiye na uhakika aache noti kwenye ramani, mwenyeji mwingine atakuja kuijibu.

OpenStreetMap huhifadhi historia ya kila mstari, na kila upenyo uliowahi kukatwa unaweza kuonekana ulikatwa lini. Aliyekata barabara ya mtaani kwao na aende akaiunganishe wiki hii. Kisha ashuke hadi getini, amsalimie mlinzi, amuulize anafunga saa ngapi na nani anaruhusiwa kupita, na ayaandike majibu hayo kama alivyoambiwa.