Shackleton: Ndege Iliyocheleweshwa Kustaafu

Ndege ya doria ya baharini ni ndege ya kijeshi ambayo kazi yake kubwa ni kukaa angani kwa saa nyingi juu ya maji, ikisaka nyambizi, yaani manowari zinazosafiri chini ya bahari, ikitambua meli zinazopita na, ajali inapotokea, ikiwatafuta manusura. Kwa kuwa kazi hiyo hudai ustahimilivu kuliko kasi, ndege za aina hii huishi muda mrefu jeshini, na mfano mmoja ulio bayana ni Avro Shackleton ya Uingereza, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1949, ikaanza utumishi mwaka 1951 na kustaafishwa mwaka 1991.

Mbunifu wake, Roy Chadwick, ambaye ndiye aliyebuni pia ndege ya mabomu ya Lancaster, alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1947, kabla hajaiona ikiruka. Shackleton ilibeba injini 4 za petroli, kila moja ikizungusha rafadha 2 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine na kuzunguka kinyume, ili nguvu yote ya injini itumike bila kurefusha mapanga yake. Ndani yake mlikuwa na jiko dogo na vitanda vya kupumzikia, kwa maana doria moja iliweza kupita saa 12, lakini ngurumo ya injini na mtikisiko wake havikukoma tangu kuruka hadi kutua, na wengi waliohudumu humo walistaafu wakiwa na masikio yaliyopungua kusikia. Mtu aliyetaka kutoka mbele kwenda nyuma alilazimika kuupanda na kuuvuka mhimili mkuu wa mabawa, uliokatiza katikati ya njia.

Bahari ya Hindi iliijua vizuri. Baada ya walowezi wa Rodesia, koloni la Uingereza ambalo leo ni Zimbabwe, kujitangazia uhuru Novemba 1965, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 221 la Aprili 1966, lililoiruhusu Uingereza kuzizuia, hata kwa nguvu, meli zilizoaminika kupeleka mafuta ya Rodesia katika bandari ya Beira, Msumbiji, ambako bomba la mafuta la kwenda Rodesia lilianzia. Shackleton zilipiga kambi Majunga, kaskazini magharibi mwa Madagaska, zikakagua meli za mafuta katika Mlango wa Msumbiji hadi mwaka 1972 na kuziarifu meli za kivita za Uingereza zilizokuwa baharini. Doria hiyo iliziba mlango mmoja tu, kwa kuwa mafuta yaliendelea kuingia Rodesia kupitia Afrika Kusini na Lourenço Marques (Maputo ya leo), na lawama ya hilo ni ya wanasiasa, si ya wanaanga waliokesha juu ya bahari.

Kwa haki, Shackleton ingepumzishwa miaka hiyo hiyo, kwani Nimrod, ndege ya doria yenye injini za jeti, ilikwisha kuchukua kazi ya kusaka nyambizi. Badala yake, ndege 12 zilifungwa rada ya kugundua mapema ndege za adui zirukazo chini, rada ambayo asili yake ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zikaanza kazi mpya mwaka 1972 kama hatua ya muda. Toleo la Nimrod lililokusudiwa kuzirithi lilisumbuliwa na rada yake hadi serikali ikalifuta Desemba 1986, na wanaanga wakabaki na ndege iliyobuniwa kabla wengi wao hawajazaliwa. Aprili 1990 mojawapo iligonga kilima katika kisiwa cha Harris, Scotland, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa; mrithi, Boeing Sentry, alipatikana mwaka uliofuata.

Afrika Kusini, iliyonunua 8, ilizistaafisha Novemba 1984 kwa sababu tofauti: vikwazo vya silaha dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi vilikuwa vimeikatia vipuri, na mihimili ya mabawa ilikaribia kikomo cha uchovu wa metali, yaani nyufa zinazozaliwa ndani ya chuma kinachopindwa na kurudi mara nyingi mno.

Uingereza baadaye ilikosea kwa upande wa pili. Nimrod za doria ziliondolewa mwaka 2010, na toleo jipya lililotarajiwa kuzirithi likafutwa mwaka huo huo, hata nchi hiyo ya visiwa ikalazimika kuomba ndege za washirika wake pale nyambizi ngeni zilipohisiwa karibu na Scotland. Poseidon, ndege zilizokuja kuliziba pengo hilo, zilianza kuwasili Uingereza mwaka 2020.